Sauti ya Sumaili Iliyopotea Ndani ya Mashine

Wanangu mnaokaa sasa kwenye kile chumba cha kurekodi karibu na soko la mji wa Baraka, mimi ni mwoga. Nianze na hilo, msije mkalisikia kwa watu. Naogopa radi, naogopa boti, naogopa pikipiki iliyobeba wawili waliofunika nyuso. Lakini katika miaka yangu yote ya redio, kitu nilichokiogopa kuliko vyote hivyo ni kioo cha kompyuta kinachoniambia kwamba kila kitu kiko sawa. Mnacheka. Chekeni tu, hata mimi nilicheka nilipokuwa na meno yote.

Kazi yenyewe mnaijua, ila wenzenu wa mbali watakaosoma haya hawaijui, kwa hiyo nivumilieni. Mtu ambaye ndugu zake wamekimbia vita anakuja kwenye chumba chetu, anakaa mbele ya mikro, anasema anachotaka kuwaambia. Sauti yake inabaki kwenye mashine ya pale chini. Mashine ya kurushia matangazo iko studio, juu kilimani, chini ya mlingoti. Kati ya mashine hizo mbili kuna antena zinazotazamana, na kuna programu ndogo iliyoandikwa kwa lugha ya Perl, ambayo kazi yake ni kuchukua sauti huku chini na kuipeleka kule juu. Basi. Mtoto angeweza kuielewa, na ndiyo maana ilinitia hofu, kwa sababu kitu chepesi hakuna anayekiangalia mara mbili.

Aliyeiandika ni Mzee Wilondja, fundi wetu mkuu, mtu mnene wa taratibu aliyejifunza Perl peke yake kwenye vitabu vya fotokopi vilivyokosa kurasa. Mimi aliniajiri kufagia na kupokea watu. Siku moja aliniona nimesimama nyuma yake nikitazama kioo muda mrefu kuliko ufagio unavyoruhusu, akavuta kiti kingine. Hivyo ndivyo nilivyoanza. Tangu siku hiyo watu walinijua kama Maman Faila wa mashine, Faila akiwa binti yangu wa kwanza.

Somo la kwanza alinipa kwa sababu ya aibu. Mama mmoja alirekodi ujumbe kwa kaka zake wa upande wa Bibokoboko, akarudi baada ya siku kadhaa kutuuliza kwa nini hatujautangaza. Tukamwambia umetangazwa. Akasema hapana, ameketi na redio mapajani kila siku. Mzee Wilondja akatazama, akakuta diski ya studio imejaa, hakuna kilichoingia siku zote hizo, na programu yetu ilikuwa ikiandika kila asubuhi: imekwisha, sawa.

"Maman Faila, hii copy iko bubu," akaniambia. "Ikishindwa, haisemake. Inarudisha ziro, kiisha inaendelea na njia yake. Ni we njo unapashwa kuuliza."

Akanionyesha namna ya kuuliza. Baada ya amri ya kunakili unaongeza maneno mawili, *or die*, yaani kama imeshindikana, ufe hapo hapo na useme sababu. Nilimwuliza kama nikiandika kufa mashine haitaharibika, maana mashine ile ilikuwa moja na mshahara wangu haukufika hata nusu ya kioo chake. Alicheka mpaka akashika meza.

"Mashine haikufe. Ni programu njo inakufa. Kesho inafufuka. Mi napenda ikufe ikipiga kelele, kuliko iishi ikidanganya bamama."

Somo la pili lilinitisha zaidi. Siku hizo groupe yetu, ile jenereta ya nyuma ya choo, ilikuwa inazimika bila taarifa. Ikazimika wakati sauti ya mzee mmoja iko njiani kwenda studio. Umeme uliporudi, studio ikatangaza kilichofika. Mzee yule alikuwa amewaambia wanawe warudi shambani, lakini wasipite njia ya mtoni. Kilichofika kilikata kwenye neno shambani. Mungu alisaidia, wale vijana ni wavivu na hawakuondoka siku hiyo.

Kuanzia hapo tulinakili kwa jina la muda. Sauti inasafiri ikiwa na jina ambalo studio haijui kulisoma, ikifika tunalinganisha ukubwa wa huku na wa kule, vikilingana ndipo inapewa jina lake la kweli. Kubadilisha jina ni jambo la mara moja, halina nusu. Na ile ya huku chini tunaiondoa mwisho kabisa. Kama mnaona kwenye programu yenu mistari hiyo mirefu na mnatamani kuifupisha ipendeze, tafadhali, wanangu, acheni ibaki mibaya.

Sasa niwaambie desturi moja, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini siku ya Sumaili ilinizeesha. Zamani kidogo watangazaji wetu walikuwa wanasoma ujumbe wa watu kwenye karatasi. Kisha ikatokea kwamba mtu asiyejulikana alileta karatasi inayosema kijiji fulani kimetulia, watu warudi. Ikasomwa. Watu wakarudi, wakakuta wanasubiriwa. Kijiji sitakitaja, waliobaki wanakijua. Baada ya hapo kila nyumba ikaweka sharti lake: usitoke ulipo mpaka usikie sauti ya mtu wako mwenyewe. Mtangazaji aseme, mchungaji aseme, chifu aseme, mama anakaa. Akisikia sauti ya bwana yake, anafunga mzigo. Wabembe wa hapa waliweka sharti hilo, na ndugu zetu waliotoka Burundi walipoona lina maana wakalichukua pia.

Sisi kwenye mashine tuliliheshimu kwa namna yetu. Kila nyumba ilikuwa na faili moja, yenye jina la mwenye nyumba. Akirekodi upya, mpya inakalia mahali pa ya zamani, na studio inacheza hiyo. Tuliona ni akili sana. Hatukujiuliza itakuwaje kama mpya haikufika. Itakuwa kwamba ya zamani itaendelea kusema.

Sumaili alikuwa mvuvi wa Swima aliyehamia Baraka, mrefu, mwenye sauti nzito inayokwaruza kidogo. Mke wake Bitondo na watoto walikuwa wamekimbilia Kazimia. Mlingoti wa simu wa Kazimia ulikuwa umezimika kwa kukosa mafuta, kwa hiyo simu hazikupita. Juzi yake alikuwa amekuja akiwa na furaha, amepata nyumba ya kupanga, akarekodi: "Bitondo, ni mi Sumaili. Hapa Baraka kumetulia. Chukua batoto, mupande boti ya kwanza yenye itatoka Kazimia. Nitabangojea ku bandari."

Asubuhi ninayoizungumzia alinikuta nafungua mlango. Furaha yote imekwisha usoni. Wavuvi waliotoka kusini walikuwa wamemwambia kwamba watu wenye silaha wameingia ziwani, wanasimamisha maboti, wanachukua mali na mara nyingine wanachukua watu. Alikaa mbele ya mikro bila hata kunisalimu.

"Bitondo, ni mi Sumaili. Ile boti, musiipande. Nasema tena, musiipande. Bato ba bunduki bako ku mayi, banasimamisha maboti. Mubakie fasi muko. Mi mwenyewe niko nakuya, kwa barabara ya Fizi."

Alipomaliza aliniuliza itasikika lini. Nikamwambia kwenye matangazo ya asubuhi hii hii. Akanishika mkono, akatoka akapanda pikipiki iliyokuwa inamsubiri. Alijua kwa barabara ile hatafika Kazimia kabla ya boti kuondoka. Alitegemea sauti imtangulie.

Mzee Wilondja siku hiyo hakuwepo. Alikuwa Uvira kwa ajili ya macho yake. Kabla ya kuondoka alikuwa ameniachia zawadi, kama alivyoiita: badala ya mimi kuianzisha programu kwa mkono kila asubuhi kama alivyokuwa anafanya yeye, aliipangia saa, iamke yenyewe, ifanye kazi yake, ilale. Asubuhi hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza. Saa ikafika, nikaona sauti ya Sumaili imeondoka kwenye folda ya huku chini, maana yake imefika juu. Hakuna kelele, hakuna kifo. Nikawasha redio ndogo ya dirishani, nikamenya ndizi.

Kisha nikamsikia Sumaili. "Hapa Baraka kumetulia," alisema. "Chukua batoto, mupande boti ya kwanza."

Wanangu, nimepigiwa risasi juu ya kichwa mara mbili maishani na sikusikia baridi kama ile. Nilimpigia Riziki, mtangazaji wetu, aliyekuwa studio. Nikamwambia aiondoe ile sauti hewani mara moja na asome kwa kinywa chake mwenyewe kwamba Bitondo asipande boti, wala mtu yeyote asipande. Riziki hana maneno mengi anapoogopa. Alifanya. Nikamsikia dirishani akisoma, akirudia. Halafu akanipigia.

"Maman, nimesoma. Lakini we unajua bamama. Hawatanisikia mi. Bitondo anangojea sauti ya bwana yake, na sauti ya bwana yake imemuambia apande."

"Tazama kwenye mashine yako, faili ya Sumaili ni ya lini?"

"Ni ya juzi."

"Hakuna ingine?"

"Hakuna, Maman. Ilete mbio. Boti ya Kazimia haina saa, ikijaa tu inatoka."

Nikapiga simu ya Sumaili. Haipatikani, ameshaingia kwenye milima ya njia ya Fizi ambako hakuna mtandao. Kwa hiyo sauti ile ilikuwa moja tu duniani, na sikujua iko wapi. Huku chini haipo. Juu haipo. Programu inasema imeipeleka.

Nilifanya ambacho kila fundi anafanya akiogopa. Nilirekodi sauti yangu, moja, mbili, tatu, nikaianzisha programu kwa mkono. Riziki akasema imefika. Nikarudia, ikafika tena. Nje wanawake walikuwa wanagombana juu ya bei ya ndagala, dagaa wa ziwani, na mimi nimekaa mbele ya programu iliyo nzima kabisa, isiyo na kosa hata moja, iliyommeza mtu. Niliomba. Sitawadanganya, niliomba kwa sauti.

Kisha nikampigia Mzee Wilondja Uvira. Alipokea akiwa kitandani, macho yamefungwa kitambaa. Nikamweleza mbio mbio.

"Uliijaribu kwa mukono?" akauliza.

"Ndiyo, Papa, mara mbili. Inafanya kazi vizuri."

"Basi haukuijaribu."

Akaendelea polepole, kama kawaida yake, wakati mimi kila sekunde naiona boti ikijaa.

"Sikiliza, Maman Faila. Ukiianzisha kwa mukono, inavaa nguo zako. Ukiingia na jina lako pale ku mashine, kuna mambo mengi unaibebesha bila kujua: we ni nani, nyumba yako iko wapi, studio iko njia gani. Programu inayakuta tayari. Lakini saa ile inaamka yenyewe, hakuna mutu wa kuivalisha. Iko uchi. Angalia nguo zake, kiisha..."

Simu ikakatika. Salio langu lilikuwa limekwisha, na sikuwa na muda wa kwenda kununua jingine.

Nguo alizozisema, kwenye vitabu mtazikuta zinaitwa vigezo vya mazingira. Perl inazishika kwenye kapu moja linaloitwa *%ENV*. Nikaandika programu ya mistari mitatu, isiyofanya chochote ila kumwaga kapu hilo lote kwenye faili. Nikaianzisha kwa mkono mara moja. Kisha nikaipangia saa, dakika inayofuata, ijiamshe yenyewe. Dakika hiyo moja, wanangu, nilisimama nikitazama saa ya ukutani na nikahisi mtu fulani amesimama nyuma yangu, na hakukuwa na mtu.

Nikaweka orodha mbili pamoja. Ya mkono ilikuwa ndefu, inajaza kioo kizima. Ya kujiamsha ilikuwa mistari michache tu. Na kwenye ile ndefu kulikuwa na kigezo kinachoitwa STUDIO, njia ya kwenda kwenye mashine ya kilimani, ambacho Mzee Wilondja alikuwa amekiandika miaka mingi nyuma kwenye faili linalosomwa kila tunapoingia kwenye mashine na kukisahau, kwa sababu kila asubuhi kilikuwepo. Kwenye ile fupi hakikuwepo.

Nikarudi kwenye programu yetu. Mstari wa kupeleka ulisema: chukua STUDIO, ongeza mkwaju, ile alama ya mstari ulioinama (/), ongeza neno matangazo, weka sauti hapo. Sasa ondoeni STUDIO mwone kinachobaki. Kinabaki mkwaju na matangazo. Perl haikukataa. Ilinung'unika kidogo kwamba kuna kitu kitupu, lakini programu inayojiamsha haina kioo cha kunung'unikia. Ikaichukua sauti ya Sumaili na kuipeleka kwenye folda inayoitwa matangazo, kwenye mzizi, yaani ngazi ya kwanza kabisa ya folda, wa mashine ile ile ya huku chini, ikalinganisha ukubwa, ukalingana, ikafuta ya kwanza, ikalala. Folda hiyo ingekuwa haipo, programu ingekufa kwa kelele na mimi ningejua. Lakini ilikuwepo. Ni ya enzi zile redio ina mashine moja, kabla ya kupata ya pili, na hakuna aliyekuwa na roho ya kuifuta.

Niliifungua mimi. Humo mlikuwa na sauti za miaka iliyopita, majina na majina, wengi wao najua nilipowazika au najua kwamba hawakupata wa kuwazika. Niliyapita macho yakiwa nusu wazi. Na mwishoni, ya asubuhi hii, Sumaili.

Sikuihamisha. Msikie vizuri hapo: sikuihamisha, niliinakili, nikaiacha ya kwanza pale pale ilipo, kwa sababu siku hiyo sikuwa tena na imani na kitu chochote kinachofuta. Nikaisikiliza mpaka neno la mwisho, barabara ya Fizi. Nikaipeleka juu kwa mkono, kwa jina la muda, nikalinganisha, nikabadilisha jina. Nikamwambia Riziki acheze, asisubiri saa ya matangazo, akate hata kwaya. Akakata kwaya. Sauti ya Sumaili ikatoka dirishani, na wale wanawake wa ndagala wakanyamaza kugombana. Riziki akaicheza tena, na tena.

Hatukujua chochote siku hiyo, wala kesho yake. Hilo ndilo linalochosha katika kazi yetu, unarusha sauti hewani na hewa haikujibu. Kila mlango ulipogongwa nilikimbia kuufungua. Mwishowe Bitondo mwenyewe alikuja, na Sumaili nyuma yake amebeba mtoto mdogo, wote wamejaa vumbi la barabara ya Fizi. Akanieleza yeye.

Alikuwa amesikia sauti ya kwanza asubuhi, akafunga mzigo. Pale ufukweni Kazimia muuza samaki mmoja alikuwa na redio. Bitondo alimsikia Riziki akisoma jina lake, akasema wazi mbele ya watu, huyo si Sumaili. Akapakia godoro na masufuria. Mtoto mkubwa alikuwa ameshainuliwa na kuwekwa ndani ya boti, yeye mwenyewe maji yamefika magotini, ndipo bwana yake akasema musiipande. Alirudisha mtoto. Wenye boti walimtukana na kumpigia kelele kwamba anachelewesha watu, wakaondoka na godoro lake na masufuria yake.

"Bengine balisikia pia," akasema. "Babili balishuka. Bengine balisema, huyo ni bwana yako, si bwana yetu."

Boti ilisimamishwa kabla ya kufika nusu ya njia. Waliorudi walirudi kwa miguu, pwani pwani, bila mizigo, wengine wamepigwa. Kijana mmoja aliyekuwa akileta samaki sokoni kwetu, niliyemjua kwa sura tu, hakurudi.

Bitondo hakuja kunishukuru. Alikuja kwa jambo jingine.

"Ile sauti ya kwanza, ifute. Nataka nione na macho yangu."

Nikamfungulia folda ya mashine yetu, akaona kwamba huko haipo tena. Nikampigia Riziki, akasema ya studio imeshakaliwa na ile mpya. Akaniuliza kama ipo nyingine mahali. Nikataka kusema hapana, kisha nikaogopa neno hapana. Nikamwambia sijui, nitatafuta. Akavuta kiti, akawaweka watoto sakafuni. "Tafuta, Maman. Niko hapa." Nikatafuta kwenye folda zote, nikaipata kwenye clé moja ya akiba, kile kidude cha USB, iliyokuwa kwenye kopo la kalamu. Nikaifuta. Akauliza kama sasa zimekwisha.

"Zile nimeziona zimekwisha," nikamjibu.

Alinitazama, akatikisa kichwa. Akamgeukia mume wake, na pale pale mbele yangu wakabadilisha sharti la nyumba yao. Sauti peke yake haitoshi tena. Kila ukirekodi, useme kwanza kitu cha leo, kitu ambacho jana hakikuwepo. Sumaili akasema atasema hali ya hewa, nje ya mlango wa redio, saa ile ile anapozungumza. Siku hizo watu hawakuwa na la kuzungumza ila boti ile, kwa hiyo sharti likaenda mbio kutoka mdomo hadi mdomo. Ndiyo maana mpaka leo mnasikia watu wa kwetu wanaanza ujumbe wao na mvua na jua, na wageni wanafikiri ni adabu tu.

Mzee Wilondja aliporudi na jicho moja zima, tulikaa pamoja tukaivalisha programu. Njia ya studio ikaandikwa kwenye ratiba yenyewe ya saa. Juu kabisa ya programu, kabla haijagusa sauti ya mtu, tukaandika kwamba kama STUDIO haipo, ife. Kama ipo lakini haielekei kwenye folda ya kweli, ife. Jina la faili likapata siku yake, na sauti ikipita siku yake studio inaikataa. Folda ya zamani ya matangazo tuliiondoa kwenye mzizi, tukazihifadhi zile sauti mahali pengine, maana kuzifuta hakuna aliyeweza. Tulimaliza, na Mzee akaniambia sasa ninaweza kulala. Sikulala vizuri hata hivyo. Na nilipostaafu niliwaachia hayo yote, nikawaonyesha mstari kwa mstari, na Asende, kijana mwerevu aliyepokea kiti changu, aliniambia kwa heshima kwamba atakuja kuisafisha ile programu, ina mistari mingi isiyo na kazi.

Sasa mjue kwa nini nimechukua kalamu. Nakaa mwendo mfupi tu kutoka sokoni, na kila asubuhi namenya ndizi nikiwa na redio dirishani. Asubuhi hii alizungumza mwanamke mmoja, jina sikulishika, anawaita wanawe walioko upande wa Fizi waje. Alianza kama tunavyoanza sote.

"Batoto bangu, ni mi mama yenu. Hapa Baraka, mbele ya redio, mvua iko nanyesha nguvu."

Nikatoka nje na kisu mkononi. Jua linawaka. Uani kwangu vumbi linaruka, na nguo nilizoanika zimekauka zamani.

Nilimpigia Asende. Alinisikiliza mpaka mwisho, mpole kama kawaida yake. Kisha akaniambia nisijisumbue, wameipangia programu mpya, ile aliyoisafisha, saa yake, na ameshaiangalia.

"Nimeijaribu kwa mukono, Maman. Iko natumika muzuri."

Nimeandika haya nikiwa nimevaa viatu, wakati pikipiki niliyoita inakuja. Nimeshaisikia kwenye kona. Asende, mwanangu, usiguse kitu, na usifute kitu. Mtafute mama yule mahali popote alipo, mrudishe kwenye mikro.